Intavyu imeisha na kumenyamaza: namna ya kuandika imeili ya kuulizia

Kila wiki hapa saiba lazima mtu aingie, akae ile kompyuta ya pembeni, afungue imeili yake, atazame skrini dakika tano halafu anigeukie: "Boss, nikiwaandikia hawataona kama nawasumbua?" Mwingine anakuja kama ameshaandika tayari, lakini ameandika mara nne kwa siku mbili na sasa anataka nimsaidie kuzirudisha. Mwingine amengoja miezi miwili bila kusema kitu, kumbe walimjibu siku ya tatu na barua ikaingia kwa spamu. Nimejibu haya maswali mpaka nimechoka kwa hivyo wacha niyaandike yote mahali pamoja, mtu akiniuliza tena namtumia hii tu.

Kabla ya saiba nilifanya miaka minne kwa ofisi moja huko Industrial Area nikisaidia mtu wa HR, yaani yule wa mambo ya wafanyakazi, na kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kufungua ile inboksi ya watu wa kazi. Nikikuambia hii inasomwa na hii inarukwa, ujue mrukaji nilikuwa mimi.

Kitu moja ushike kabla hatujaanza. Hii imeili haikupei kazi, kazi walishaipima ukiwa umekaa mbele yao. Yenyewe inatoa tu faili yako chini ya zingine, na inakutoa wewe kwa giza ujue kama unangoja ama unasonga. Ukiandika ukijua hivyo hutaandika ukitetemeka na hutaandika ukiwa na hasira, na hizo mbili ndizo zinaharibia watu.

Vitu uwe navyo kabla ya kuanza

- Jina la mtu aliyekuhoji, venye linaandikwa, na cheo chake.
- Ile imeili ya kwanza walikuita nayo. Usiifute hata kama simu imejaa.
- Jina la kazi kama lilivyokuwa kwa tangazo, na namba ya tangazo kama ilikuwa nayo.
- Tarehe ya intavyu, na tarehe walisema watajibu.
- Mambo mawili matatu mliyoongea, uliyoandika siku hiyohiyo.
- Anwani ya imeili ya mtu mzima. Ile ya mrembo254 ulifungua ukiwa fom two iwachie marafiki, fungua ingine yenye majina yako mawili. (Lakini kama ulishaomba kazi na ile ya zamani, endelea nayo mpaka hii hadithi iishe, usiwachanganye.)
- Bando kidogo ama pesa ya saiba. Imeili ya maneno tupu haili data, usingoje mpaka ununue bando kubwa.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujatoka kwa chumba

Hii ndio hatua yenyewe, zingine zote zinakalia hii. Mwisho wa intavyu huwa wanakuuliza kama uko na swali. Watu wengi wanasema "hapana, asante" kwa sababu wanataka kutoka wapumue. Usitoke. Sema hivi: "Mnatarajia kutoa jibu lini, na nikitaka kuulizia nimwandikie nani?"

Hilo swali linakupea tarehe na linakupea anwani, na hakuna mtu ataliona ni kiherehere, kwanza wengi wanaona uko siriasi. Tofauti niliiona nikiwa upande ule mwingine wa meza. Mtu akiandika "mlisema mtajibu kufikia Ijumaa tarehe 14," ilibidi niinuke niende kwa bosi niulize, maanake hapo sisi ndio tumechelewa, yeye hajakosea kitu. Mtu akiandika "nilikuwa nataka tu kujua imefika wapi," hakuna mahali pa kushika, naweka alama ya kurudia baadaye, na hiyo baadaye unajua venye huwa.

Ukipita risepsheni uliza pia jina linaandikwa aje. Mtu anaitwa Ng'ang'a ameandikiwa Nganga tangu darasa la kwanza, siku utaiandika na vialama vyake vyote atakuona tu. Achieng' na yeye ako na kialama mwishoni. Njeri si Njery.

Kama intavyu ilishapita na hukuuliza, usilie, hatua ya 4 inakuhusu.

Hatua ya 2: Andika noti ukiwa kwa mat

Umetoka Upper Hill, umepata kiti, kabla konda hajafika kwako toa simu uandike: walikuwa watu wangapi, nani aliuliza nini, ni kitu gani walirudia rudia, na swali gani lilikushinda. Hilo la mwisho usiliogope, litakufaa hatua inayofuata. Dakika tano tu. Usiseme utakumbuka, ukifanya intavyu tatu kwa wiki moja zinachanganyikana, na nimeona mtu akishukuru kampuni ya bima kwa kumtembeza kwa stoo ya mbolea.

(Simu yenyewe ukikaa dirishani uishike vizuri.)

Hatua ya 3: Tuma shukrani ndani ya siku moja

Hii wengi wanairuka wakiona ni mambo ya wazungu. Sawa, lakini ofisini kwetu, kwa watu kumi waliohojiwa, wa kushukuru walikuwa mmoja, wawili wakiwa wengi, na majina yao tulikuwa tunayajua. Halafu inakusaidia na jambo lingine: ile imeili ya kuulizia baadaye haitaonekana imetoka mbinguni.

Iwe fupi. Na kama kuna swali lilikushinda, hapa ndio mahali pa kulirekebisha, kwa sentensi mbili, si kwa ukurasa.

Kuhusu lugha: andika na lugha mliyotumia kwa intavyu. Hapa Nairobi ofisi nyingi zitakuwa zimekuhoji kwa Kiingereza, basi andika Kiingereza, mpangilio ni huuhuu. Sheng hapana, hata kama aliyekuhoji alikupigia stori ya Gor Mahia mkacheka.

> Kichwa: Asante kwa mahojiano ya Jumanne, Msaidizi wa Uhasibu
>
> Habari za asubuhi Bi. Fulani,
>
> Asante kwa muda mlionipa jana pamoja na Bw. Fulani. Nilifurahi kusikia mnafungua tawi jipya na kwamba mnatafuta mtu wa kushughulikia malipo ya kila siku.
>
> Mliniuliza ninavyolinganisha malipo ya M-Pesa na taarifa ya benki, na sikueleza vizuri. Huwa natoa taarifa ya Paybill, naiweka kwenye Excel, kisha nalinganisha malipo moja moja kwa namba ya muamala. Yasiyooana nayaandika kando na kuyafuatilia siku hiyohiyo.
>
> Nitasubiri jibu kufikia tarehe 14 kama mlivyosema. Mkihitaji hati yoyote nitaituma.
>
> Jina lako kamili
> Namba ya simu

Onyo: usishukuru kama mtu ameshapewa kazi. "Asanteni kwa kunipa nafasi ya kujiunga nanyi" imeshawahi kutumwa, na bosi aliuliza mimi kama kuna mtu ameajiriwa bila yeye kujua.

Hatua ya 4: Hesabu siku, lakini siku za kazi

Kama walikupea tarehe, usiandike tarehe hiyo saa nne asubuhi, siku bado haijaisha. Wacha ipite, ongeza siku mbili za kazi, andika ya tatu. Walisema Ijumaa, basi Jumatatu na Jumanne unanyamaza, Jumatano unaandika.

Kama hawakukupea tarehe, hesabu siku saba mpaka kumi za kazi kutoka siku ya intavyu.

Siku za kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, na unatoa sikukuu. Hapa ndipo watu wanajichanganya. Oktoba iko na mbili, tarehe 10 na tarehe 20 ya Mashujaa. Madaraka ni 1 Juni, Jamhuri 12 Disemba. Ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake pia watu hawako. Idd inatangazwa karibu karibu, kwa hivyo usikasirike ofisi ikinyamaza siku hiyo. Na kuanzia kama tarehe 20 Disemba mpaka wiki ya kwanza ya Januari sahau, hata ukijibiwa utajibiwa na ile mashine ya kusema wako livu.

Kuna ingine haiko kwa kalenda. Kwa kampuni ndogo, mtu wa HR ndiye huyohuyo wa mishahara. Mwisho wa mwezi anatengeneza mishahara, halafu kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata lazima PAYE, ile kodi ya mishahara, iwe imelipwa KRA, na NSSF (ya uzeeni) na SHA (ya matibabu) pia. Ukimwandikia tarehe 8 unaandikia mtu ameshika kichwa. Ngoja tarehe 10.

Hatua ya 5: Jibu kwa ileile imeili ya zamani

Usianzishe mpya. Fungua ile walikuita nayo ama ile yako ya shukrani, bonyeza kujibu, andika juu yake. Mtu akiifungua anaona kila kitu chini, jina lako, kazi, tarehe, hahitaji kukutafuta. Nikiwa na imeili 200 kwa inboksi, ile ya kunifanya nitafute niliiacha mpaka mchana, halafu mchana ukawa kesho.

Kama kwa ile ya kwanza walikuwa wameweka watu wengine kwa kopi, jibu wote. Usiongeze mtu wao hawakumweka. Hasa usiongeze mkurugenzi ati ndio wasikie joto.

Kama ilitoka kwa ile anwani haijibiwi, rudi kwa tangazo uchukue anwani iliyo hapo. Na kama walikuita kwa simu tu hakuna imeili ya kujibu, anzisha mpya na uipe kichwa chenye kila kitu: *Kuulizia nafasi ya Msaidizi wa Uhasibu, Jina Lako, mahojiano ya 4 Machi.* Kichwa cha "Habari" peke yake, ama kichwa kitupu, kinaenda kukaa na matangazo ya plot za Kitengela.

Hatua ya 6: Andika mistari sita, saba ikizidi

Ni nani, ulihojiwa lini kwa kazi gani, walisema nini, unauliza nini, uko tayari, asante. Imeisha.

> Habari za asubuhi Bi. Fulani,
>
> Mimi ni (jina lako), nilihojiwa tarehe 4 Machi kwa nafasi ya Msaidizi wa Uhasibu. Mlisema mngetoa jibu kufikia Ijumaa tarehe 14.
>
> Naomba kujua kama uamuzi umeshafanywa, na kama bado, nitarajie jibu lini. Bado niko tayari kwa kazi hii, na mkihitaji kuniuliza jambo lolote napatikana kwa simu hii siku yoyote ya wiki.
>
> Asante,
> Jina lako kamili
> Namba ya simu

Umeona hakuna "natumaini barua hii itakupata ukiwa buheri wa afya, ama kwangu mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali nami"? Hiyo ilikuwa ya kuandikia shangazi tukiwa shule ya msingi. Mtu wa ofisi anasoma mistari miwili ya kwanza kwa simu akingoja lifti, na kama hiyo miwili yote ni salamu umeshampoteza.

Usiweke kodi ya nyumba pia. Najua mwenye nyumba anagonga, najua mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule, na si ati watu wa HR hawana roho, lakini ukiweka hayo unamfanya aone aibu, na mtu akiona aibu anafunga imeili ndio asiione. Nilizifunga nyingi hivyo. Sijivunii.

Na usilaumu. "Nimeshangaa kuona hadi leo hamjanijibu" inaonekana kitu kidogo ukiiandika saa tano usiku umelala chali. Ikisomwa asubuhi ofisini inapita mkono kwa mkono.

Hatua ya 7: Isome kwa sauti, anwani uiweke mwisho

Andika kwanza kwa noti za simu ama kwa Word, anwani ya kutuma uache wazi, maanake kidole kikiteleza imeenda. Ukimaliza soma kwa sauti. Penye umeshikwa na pumzi, hiyo sentensi ni ndefu, ikate. Halafu angalia hivi tu:

Jina lao. Jina la kampuni (wale wa kunakili kutoka kazi ya jana, ni nyinyi nawaambia). Tarehe. Namba yako ya simu, isome namba moja moja. Na kama umechukua mfano wangu hapo juu, toa "Bi. Fulani," tafadhali. Kuna kijana nilimpea karatasi ya mfano hapa saiba akaituma vilevile, na bahati nzuri mama aliyeipokea alicheka akamjibu "Mimi ndiye Fulani, nikusaidie aje?"

Ukitaja saa, itaje kwa njia haiwezi kuchanganya. Wewe ukisema saa nne mwingine anasoma 4, na 4 ya kwa simu ni saa kumi. Andika "10:00 asubuhi," mjadala umekwisha.

Kama unatumia Gmail kwa kompyuta, ingia kwa mipangilio, tafuta pa kutengua utumaji, uweke sekunde 30. Ikishakuwa hivyo ukituma ukakumbuka kitu unaweza kuirudisha kabla haijatoka. Sekunde 30 zikiisha hakuna uchawi, hata mimi hapa saiba sina, msiniletee.

Hatua ya 8: Tuma asubuhi katikati ya wiki

Jumanne hadi Alhamisi, kati ya saa mbili unusu na saa nne asubuhi. Jumatatu inboksi imejaa mambo ya wikendi na Ijumaa mchana mtu mwili uko ofisini lakini roho imeshafika Thika Road. Kama unaandika usiku, Gmail iko na pa kupanga itumwe baadaye: kwa kompyuta ni kale kamshale kando ya kitufe cha kutuma, kwa simu ni vile vidoti vitatu juu. Panga asubuhi, lala.

Hatua ya 9: Mara ya pili, halafu basi

Wasipojibu, hesabu siku zingine tano mpaka saba za kazi. Jibu kwa uzi uleule wa imeili, fupi kuliko ya kwanza:

> Habari Bi. Fulani,
>
> Naulizia tena kuhusu nafasi ya Msaidizi wa Uhasibu niliyohojiwa tarehe 4 Machi. Kama mmeshampata mtu, nitashukuru mkinijulisha ili nijipange. Kama bado mnaendelea, nitasubiri.
>
> Asante,
> Jina lako na simu

Hiyo "ili nijipange" usiidharau. Inampea ruhusa ya kukuambia hapana, na watu wengi hawajibu kwa sababu hapana inawalemea.

Siku tatu nne zikipita bado kimya, piga simu moja, kwa namba ya ofisi, si ile namba ya bosi ulipewa na binamu yako. Ukishapiga umemaliza. Mimi kabla sijajua haya niliwahi kupigia ofisi moja mara saba kwa wiki, mpaka mlinzi ndiye akawa anachukua simu ananiambia kwa upole "bado, kijana wangu." Sikupata. Na hapa katikati yote endelea kutuma maombi kwingine, imeili moja isikukalishe.

Kazi za serikali zina njia yake

Tume ya Utumishi wa Umma, bodi za kaunti na mashirika ya serikali, soma chini kabisa ya tangazo. Mara nyingi wameandika kwamba wanaotafutwa ni wale walioteuliwa peke yao, na kwamba kushawishi kwa njia yoyote kutakutoa. Kuulizia si kushawishi, lakini kumwandikia mwanapaneli kwa anwani yake binafsi, ama kutuma mheshimiwa akuongelee, hapo umeingia. Tumia anwani rasmi, weka namba ya tangazo, uliza tu hatua imefika wapi. Pia zipe muda, mambo yao hayaendi kwa wiki mbili.

Ikikaa sana, iko Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Raia anaweza kuandikia ofisi ya umma akiomba habari na ofisa anatakiwa kutoa uamuzi kuhusu ombi lake ndani ya siku 21. Si habari zote watakupea, mambo ya siri ya watu wengine hawatoi, lakini kujua kama zoezi limefungwa ama bado ni swali la haki. Mimi ningeitumia baada ya miezi, si baada ya wiki.

Mambo ya kuharibu

Kutuma imeili, WhatsApp, LinkedIn na kupiga simu siku moja. Chagua mlango mmoja.

Kutuma CV tena na vyeti vyote vilivyopigwa picha na simu, kila picha ikiwa nzito kama gunia. Walikuwa navyo, ndio maana walikuita. Wakitaka tena wataomba.

Kudanganya ati kuna kampuni ingine imekupea kazi ndio washtuke. Bosi wangu wa zamani jibu lake kwa hizo lilikuwa moja: "Mwambie hongera."

Kuandikiwa na mtu mwingine bila wewe kusoma. Nimeandikia watu hapa kwa shilingi chache halafu wakipigiwa simu hawajui "walisema" nini.

Ikikataa

*Imeili imerudi.* Angalia mwisho wa anwani. Nyingi za hapa zinaishia .co.ke ama .or.ke, na vidole vyetu vimezoea .com. Angalia pia kama kuna nafasi iliingia mbele ama nyuma ukinakili kutoka kwa WhatsApp.

*Umetuma na hakuna kitu kinaingia, hata matangazo.* Hapo shida ni kwako. Akaunti ya Google ya bure iko na GB 15, na picha, na hata bekapu ya WhatsApp ya simu za Android, zote zinakaa humo. Ikijaa huwezi kupokea imeili. Futa video za harusi, ujitumie imeili kutoka kwa simu ya rafiki uone kama inafika.

*Hujaangalia spamu.* Angalia sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata. Gmail inafuta vya spamu baada ya siku 30.

*Umejibiwa na mashine.* Isome mpaka mwisho, mara nyingi imetaja mtu wa kuandikia akiwa livu na tarehe atarudi. Mwandikie huyo ama ngoja hiyo tarehe, usihesabu hiyo kama umepuuzwa.

*Wamesema "bado tunaendelea."* Jibu kwa mstari mmoja, asante, na uulize kama unaweza kuulizia tena tarehe fulani. Sasa uko na tarehe mpya, rudi hatua ya 4.

*Wamesema hapana.* Wajibu hata hivyo. Washukuru, sema ungependa wakukumbuke nafasi ikitokea. Kwetu iliwahi kutokea aliyechukuliwa akafanya siku nne akapata kwingine akaenda, na bosi hakutaka kutangaza tena, akauliza "yule msichana alijibu vizuri anaitwa nani?" Ndivyo alivyoingia.

*Umepata kazi kwingine ya kweli na hawa bado.* Hapa ruhusa ya kuandika kabla ya siku unayo. Waambie umepewa ofa, unatakiwa kujibu kufikia siku fulani, na ungependa kujua wao wako wapi kabla hujaamua. Wakinyamaza, chukua iliyo mkononi.

*Wamejibu wanataka pesa.* Ya fom, ya medikali, ya kufungua faili, tena itumwe kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Hiyo si kazi, hata kama ofisi ulikaa na kiti kilikuwa kinazunguka. Usijibu, usitume hata mia mbili, na kama ulishawapea kopi ya kitambulisho angalia mara kwa mara kama kuna laini zimesajiliwa kwa jina lako, kwa Safaricom unabonyeza *106#.

*Ni kampuni ndogo na waliongea na wewe kwa WhatsApp tangu mwanzo.* Basi uliza kwa WhatsApp, maneno ni yaleyale, saa za kazi, kwa meseji moja iliyokamilika. Usitume "Habari" halafu ungoje ajibu ndio uendelee. Na angalia picha yako ya profaili kwanza.

*Simu imeibwa na namba imebadilika.* Hii hutokea kuliko mnavyodhani, na mtu analalamika hawajampigia kumbe wanapigia mwizi. Usingoje siku za kuhesabu, andika leo kwa uzi uleule: "Namba yangu ya simu imebadilika, sasa napatikana kwa hii," uweke namba, jina na kazi uliyohojiwa. Halafu nenda urudishe ile laini ya zamani, kwa sababu kwa CV yako na kwa fom ulizojaza bado iko hiyo.